Mboni Isiyofunguka Gizani

Nilipata kiharusi nikiwa na miaka thelathini na moja. Nautaja umri mapema kwa sababu umri ndio uliowapoteza wengi walionihudumia, na ulinipoteza hata mimi mwenyewe. Kiharusi nilikijua kama ugonjwa wa wazee. Nilimjua babu wa jirani aliyekuwa akitolewa nje kuota jua, mdomo umekwenda upande, na mchungaji mstaafu aliyeangukia mimbarini. Mwanamke anayepanda na kushuka kwenye lori la viazi kutwa nzima hakuwamo katika picha hiyo.

Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa. Mazao hayakulazimika tena kupitia ushirika, na kila mwenye lori, au mwenye rafiki mwenye lori, aligeuka mfanyabiashara. Mume wangu Bakari ni mtu wa Kondoa. Alifika Makambako akiwa utingo, akaupenda mji pamoja na upepo wake, akabaki. Alikuwa na banda la kuhifadhia viazi karibu na stesheni ya reli. Mimi ni Mbena wa Mdandu. Kazi yangu ilikuwa kupanda Njombe, kuzunguka kwa wakulima, kununua na kusimamia upakiaji. Kazi yake ilikuwa kupokea mzigo na kuusafirisha Dar es Salaam. Tulikuwa na mtoto mmoja, Zainabu, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza shule, na tuliishi na dada mkubwa wa Bakari, wifi yangu Mwajuma, mjane asiye na mtoto aliyeishika nyumba yetu kuliko mimi.

Kwetu Mdandu ndoa yangu haikupokelewa. Ni familia ya Kilutheri tangu kwa babu, na mimi nilifunga ndoa bomani na Mwislamu. Mama hakunifukuza wala hakunitukana. Aliacha tu kuja. Miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga kwangu, ingawa Mdandu na Makambako si mbali. Mimi nilikwenda kwake, nikakaribishwa vizuri, nikapewa chakula. Jina la Bakari halikutajwa.

Kipupwe kilikuwa kinaanza. Tulikuwa tunashuka kutoka Njombe na lori limejaa magunia ya lumbesa, mimi nimekaa mbele na dereva. Ng'ombe akakatiza barabara na dereva akafunga breki kwa nguvu. Sikugonga popote. Kichwa changu tu kilitupwa mbele, kikarudi nyuma kwa upande, kama mtu aliyevutwa nywele. Ng'ombe akapita zake. Dereva akacheka, nami nikacheka.

Siku iliyofuata shingo iliuma upande wa kushoto. Maumivu yalipanda nyuma ya sikio mpaka nyuma ya jicho. Nilidhani nimelala vibaya. Nikapaka dawa ya kuchua, nikajifunga kitambaa, nikaendelea na kazi. Mwajuma ndiye aliyeniambia kwamba jicho langu la kushoto limesinzia. Nilijitazama kwenye kioo nikaona kope imeshuka kidogo, kama ya mtu aliyekesha. Wauza chai wa stendi walinitania kwamba nawakonyeza wateja. Nilicheka na hilo pia.

Kisha asubuhi moja nilikuwa namimina chai, na kikombe kikaanguka. Nilikiangalia kilivyovunjika na sikuelewa kwa nini mkono wangu wa kulia haukukishika. Nikainama kuokota vipande, mguu ukanisaliti, nikakaa chini ndani ya chai ya moto bila kuusikia moto wake. Mwajuma alikuja mbio. Nilitaka kumwambia aniinue. Nilichotoa mdomoni kilikuwa sauti tu.

Pale tulipokimbilia kwanza walinipima presha wakaikuta nzuri. Walinipima sukari, nayo nzuri. Wakasema ni malaria iliyopanda kichwani, wakanitundikia dripu ya kwinini, masikio yakalia kama nyuki mpaka kesho yake. Siwalaumu. Walikuwa na wagonjwa wawili wawili kitanda kimoja, na malaria ndiyo waliyokuwa wakiiona kila siku. Mganga mmoja alimwambia Bakari pembeni, lakini si mbali na masikio yangu, kwamba mtu wa umri wangu hapati kiharusi bila sababu, na ingefaa damu yangu ipimwe ule ugonjwa.

Wanaokumbuka Makambako ya miaka ile wanajua maneno hayo yalivyokuwa na uzito. Mji wa barabara kuu, malori yanalala pale, na kila wiki kulikuwa na msiba wa kijana. Damu ilichukuliwa. Majibu yalipokuja yalikuwa mazuri, lakini wakati huo mji ulikuwa umeshajijibu wenyewe. Wanawake waliokuwa wakikaa nami sokoni walikuja kunitazama wakisimama mlangoni. Bakari naye alikwenda kupima, ingawa hakuna aliyemwambia. Alirudi, akakaa ukingoni mwa kitanda changu, akasema, "Niko salama, na wewe uko salama. Sasa tutafute ni nini."

Ndipo tukagundua jambo lingine. Sauti yangu ilianza kurudi baada ya siku chache, neno hapa na neno pale, lakini yalikuwa maneno ya Kibena. Kiswahili kilikuwa kimeondoka. Nilikisikia na kukielewa kila mtu akisema, ila nilipofungua mdomo hakikuwepo. Nilikuwa nimekisoma shule, nimefanyia biashara, nimependea mume, nimelelea mtoto, na kikaondoka kama mgeni aliyemaliza siku zake. Kilichobaki ni kile nilichozaliwa nacho. Bakari alikuwa anajua Kibena cha "kamwene" tu, cha kusalimia wakulima. Zainabu hatukumfundisha. Nyumba nzima ilinitazama nikisema na hakuna aliyejua nataka maji au nataka kugeuzwa.

Bakari alituma ujumbe Mdandu kwa kondakta wa basi. Sikutegemea. Siku ya tatu mama yangu alisimama mlangoni na kikapu chake na blanketi limekunjwa juu ya kichwa. Bakari akainuka. "Shikamoo mama," akasema. Mama akajibu marahaba, akapita, akaja kunishika uso. Nilimwambia kwa Kibena kwamba nimechoka. Akasema anaona.

Tangu siku hiyo mama yangu alikuwa mkalimani kati yangu na mume wangu. Fikiria mambo ambayo mke humwambia mumewe, kisha fikiria yote yakipita kwa mama aliyeikataa ndoa hiyo. Bakari angeuliza, "Anasemaje?" na mama angejibu akiwa anaangalia ukuta. Mengi yalikuwa madogo: uji, shuka, dirisha. Lakini siku moja nilimwambia mama amwambie Bakari kwamba kama amechoka na mimi aseme sasa, nirudi Mdandu kabla mtoto hajazoea kuniona hivi. Mama akamgeukia Bakari akasema, "Anasema usiku kunakuwa na baridi, umwongezee blanketi." Bakari akaenda kuchukua blanketi. Nilimkasirikia mama kwa muda mrefu kwa ajili ya blanketi lile. Sasa simkasirikii.

Mguu ulianza kurudi. Nilikuwa naweza kusimama nikishikiliwa. Mwajuma alikuwa amefanya kila alichoweza, kupika, kufua, kunigeuza, na kwa kutaka kufanya zaidi akamleta mchuaji. Alikuwa mzee mpole, anasifika kwa kunyoosha watu waliopooza. Mama hakumtaka lakini hakuwa kwake. Mzee yule alipasha mafuta, akanichua mkono na mguu vizuri kabisa, kisha akahamia shingoni. Alisema mishipa imejikunja. Akaibonyeza, akaivuta, akaigeuza huku na huku, nami sikuwa na maneno ya kumwambia aache. Nililia. Akasema kulia ni dalili ya mishipa kufunguka.

Kesho yake asubuhi mguu haukuwepo tena. Hata Kibena kilikuwa kimekwenda. Niliamka nikiwa bubu.

Mama hakugombana na mtu. Alifunga kikapu chake, akanivisha sweta mbili, akamwambia Bakari atafute gari, tunapanda hospitali ya misheni upande wa Njombe. Mwajuma akasema naye anakuja. Mama akamtazama, akamwachia nafasi.

Kuhusu kusubiri ningeweza kuandika kitabu kizima. Ukumbi wa hospitali ile ulikuwa na mabenchi ya mbao za paina yaliyosuguliwa na makalio ya watu mpaka yakang'aa. Ukungu uliingia mlangoni pamoja na wagonjwa. Kila mtu amejifunika blanketi mpaka puani, na harufu ilikuwa ya moshi wa kuni na dawa ya kuoshea sakafu. Nilikuwa nimeegemea bega la mama, mate yananitoka upande wa kulia, na Mwajuma anayafuta kwa ncha ya kanga yake. Watu walituangalia kisha wakaangalia pembeni. Jina langu lilipoitwa tulikuwa tumeshapitwa na saa ya chakula, na mama alikuwa ameshampa mtoto wa mtu mwingine kiazi chetu cha mwisho.

Daktari alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, amevaa koti la sufu chini ya koti jeupe. Hakunigusa mara moja. Alikaa kwenye kiti mbele yangu akanitazama usoni kwa muda mrefu mpaka nikaona haya. Kisha akamwambia Bakari, "Mdomo wake umeshuka upande wa kulia. Kope imeshuka upande wa kushoto. Jicho hili alizaliwa nalo hivi?"

Bakari akasema hapana. Daktari akauliza kama kuna picha ya zamani. Bakari alikuwa na picha yangu ndogo ya pasipoti ndani ya pochi, ambayo sikujua anatembea nayo. Daktari akaishika karibu na uso wangu, akalinganisha. Macho ya kwenye picha yalikuwa sawasawa.

Akavuta mtoto wa meza, akatoa kadi ngumu yenye vidoa vyeusi vilivyopangwa mstari, kuanzia kidogo kama punje ya ulezi mpaka kikubwa kama njegere. Akaniambia niangalie mbali, dirishani, kisha akaiweka kadi kando ya jicho la kulia, akatafuta kidoa kinacholingana na mboni yangu. Akafanya vivyo hivyo kushoto. Kwenye mwanga mboni zote zilikuwa ndogo, tofauti yake haba. Akaandika. Halafu akamwomba nesi alete blanketi, wakaziba dirisha, wakafunga mlango, tukakaa gizani sisi sote kama watu wanaojificha mvua. Nilisikia mama anapumua. Baada ya muda daktari akawasha tochi ndogo akaishika chini ya kidevu changu, mwanga usiingie machoni moja kwa moja, akapima tena kwa kadi ile.

"Baba, njoo uone," akamwambia Bakari.

Bakari akainama. Uso wake ulikuwa karibu na wangu kuliko ulivyokuwa kwa wiki nyingi. Mboni ya kulia, walisema, ilikuwa imefunguka mpaka kwenye njegere, kama inavyotakiwa mtu akiwa gizani. Ya kushoto ilibaki pale pale, punje.

Daktari alieleza kwa maneno machache. Shingoni kuna mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani, na juu ya mshipa huo umejibanza uzi wa fahamu unaofungua mboni na kuinua kope. Mtu kijana, shingo inauma, jicho limesinzia na mboni haifunguki gizani, halafu kiharusi: yeye huwaza kwamba ukuta wa mshipa umechanika kwa ndani. Damu huganda kwenye mpasuko, na kipande kikipanda ndipo mkono na maneno vinapopotea. Akauliza kama niligongwa au kuanguka. Bakari akakumbuka ng'ombe.

"Una uhakika, daktari?" akauliza.

"Kipimo cha kuuona mshipa wenyewe hatuna hapa. Kiko Dar, na mtikiso wa barabara ya kufika huko kwa sasa nauogopa. Ninachokiona ni jicho. Jicho linatosha kuniambia shingo hii isiguswe na mtu yeyote." Kisha akauliza, "Kuna aliyeigusa?"

Bakari aliangalia chini. Blanketi lilikuwa bado liko dirishani na sauti ya Mwajuma ilitoka kwenye kiza cha pembeni.

"Mimi ndiye niliyemleta mchuaji."

Daktari hakumkaripia. Alisema hakuna awezaye kujua kama uchuaji ndio ulioleta kiharusi cha pili au kingetokea vyovyote. Akasema na mimi nilikuwa nimepita kwenye mikono mingi kabla ya yake. Kisha akaliondoa blanketi mwenyewe, mwanga wa ukungu ukaingia, na Mwajuma alikuwa amejifunika uso.

Nililazwa kipupwe chote kilichobaki. Dawa yenyewe ilikuwa aspirini, kidonge kile kile ambacho watu hununua dukani kwa kichwa kuuma, na wageni waliokuja kunitazama walisikitika kwamba sipewi dawa ya maana. Naomba usikimbilie kujinunulia kwa sababu umesoma hapa. Kuna kiharusi cha damu kuvuja, na huko kidonge hicho kinaua. Mimi nilipewa na mtu aliyenipima. Shingo yangu ilizungushiwa taulo iliyokunjwa ikafungwa kwa bandeji, nikaambiwa nisigeuke ghafla, nisibebe, nisiinamishwe kuoshwa nywele. Mama alininyoa. Nywele zangu zilianguka kwenye gazeti na nilizitazama kama za mtu mwingine.

Mwili uligeuka. Mkono wa kulia ulikuwa mzito na baridi, vidole vimejikunja. Mguu ulikonda. Nilivaa nepi za vitambaa vya mitumba, na Mwajuma ndiye aliyezifua kwenye maji ya Njombe yanayokata vidole. Alibaki pale hospitali muda wote, analala sakafuni chini ya kitanda changu pamoja na mama yangu, wanawake wawili ambao hawakuwa na la kuzungumza. Alinisafisha, akanilisha, akaninyoosha vidole kimoja kimoja kama nesi alivyomwonyesha. Lakini hakuniangalia machoni, na hakusema nami neno zaidi ya "geuka" na "fungua mdomo".

Kibena kilirudi kwanza. Nilimwita mama, naye akaitika kana kwamba nilikuwa nimetoka kidogo tu. Kiswahili kilichelewa mpaka baridi ilipoanza kulegea na watu wakaanza kulima. Mwajuma alikuwa ananipaka mafuta miguuni, ameinama, na nikaona mgongo wake umekonda. Neno lilikuja lenyewe.

"Wifi," nikasema. Kisha likaja la pili. "Basi."

Alisimamisha mikono. Alielewa kwamba sikuwa nazungumzia mafuta. Akakaa sakafuni, akalia kwa muda mrefu, na mama yangu akashuka kitandani akakaa karibu naye.

Nyumbani tulirudi kabla ya mvua. Watu walidhani kurudi nyumbani ndiyo mwisho, na mimi nilidhani hivyo. Hakuna aliyenionya kuhusu uchovu. Si uchovu wa kazi, ule unaolala nao ukaamka umeondoka. Huu ulikuwa unaniamsha. Kuvaa blauzi kulinimaliza. Mgeni akisema maneno mengi nilihisi kama ananirundikia magunia. Nilimpiga kelele Zainabu kwa kuimba, akaacha kuimba ndani ya nyumba, na jambo hilo liliniuma kuliko mguu. Siku nyingine nililia kwa sababu kijiko kimeanguka. Nilitamani kulala mpaka yote yapite, na yote hayakuwa yakipita, yalikuwa yanakaa.

Kila mwezi nilipanda Njombe kliniki. Kila mara benchi, kila mara ukungu au tope, kila mara blanketi dirishani na kadi ya vidoa. Mboni ya kushoto ilifunguka kidogo, ikaishia hapo. Maumivu ya shingo yaliondoka wakati mahindi yanachipua. Daktari alisema mara nyingi mshipa hujifunga wenyewe ukiachwa utulie, na kwamba jicho likibaki hivyo nisihangaike nalo.

Wakati wa mvua kubwa alikuja shemeji yangu kutoka Kondoa, kaka mkubwa wa Bakari. Aliniletea asali, akanipa pole vizuri. Baadaye nikiwa nimelala chumbani nilimsikia sebuleni. Alisema kwa upole kwamba nyumba inahitaji mikono, kwamba Bakari bado kijana, na dini haikatazi kuongeza mke, wala haitakuwa kunidhulumu. Kwa kweli hakuwa mtu mbaya. Alisema lile ambalo hata mimi nilikuwa nimeliwaza.

Kisha nikamsikia Bakari. "Kaka, ngoja kwanza nimwelewe huyu niliye naye. Bado najifunza lugha yake."

Na kweli alikuwa anajifunza. Jioni alikaa jikoni na mama yangu, anarudia maneno ya Kibena kama mtoto wa shule ya vidudu, na mama anamsahihisha bila kucheka. Kiswahili changu kilikuwa kinarudi kwa mafungu, lakini nikichoka kilikuwa kinakimbia, na yeye alitaka tuwe na pa kukutania siku kama hizo.

Mama alikuwa ukumbini siku ile ya shemeji, na alisikia yote. Kesho yake nilimwona dirishani ameshika jogoo kwapani, anavuka barabara kwenda kwa jirani yetu Mwislamu. Alimwomba amchinje, ili mkwe wake aweze kumla. Akarudi naye, akampika kwa nazi kama alivyofundishwa na Mwajuma, na akamwita Bakari mezani kwa kusema, "Baba Zainabu, karibu chakula." Katika miaka yote sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina lolote.

Sijui kama ninyi mnaosoma mko mwanzoni au katikati ya ugonjwa huu. Ninachoweza kuwaambia ni kidogo. Kijana naye hupata kiharusi. Shingo ikiuma baada ya mtikiso, na jicho likalala, kamwoneni daktari mchana huo huo, na mkiwa na picha ya zamani ibebeni. Shingo msimpe mtu aivute, hata akiwa mpole. Wapeni wauguzaji wenu nafasi ya kulala. Na wale watakaowakosea kwa kuwapenda, wasemesheni mapema kuliko nilivyofanya mimi, maana mimi nilikuwa na sababu, nilikuwa bubu.

Mwaka jana daktari aliniomba nipande Njombe siku ambayo haikuwa ya kliniki. Alikuwa na wanafunzi wa uganga na alitaka waone jicho langu. Walijipanga mstari gizani na tochi zao na kadi, kila mmoja akiniomba radhi. Nilikaa. Nimezoea.

Nilipotoka, kwenye benchi kulikuwa na mwanamume kijana kutoka Ludewa, mpasuaji mbao, mkono umelala mapajani kama si wake. Mke wake alikuwa na mimba kubwa na viatu vyenye tope la safari. Ndugu walikuwa wamemwambia kwamba mumewe amerogwa, na hospitali mbili zilikuwa zimemwambia ni mdogo mno kupata kiharusi. Nilimtazama kijana usoni. Kope ya kulia ilikuwa imeshuka kidogo sana.

Niliingia tena ndani nikamwambia daktari. Nikarudi kukaa nao mpaka waitwe. Mke alikuwa ameniangalia nikitembea, mguu wangu unavyoburuza, na aliona kwamba nazungumza, kwamba nimekuja peke yangu.

"Dada," akaniuliza, "wewe ulipona lini?"

Ningeweza kumdanganya, na nadhani alitaka. Nilikuwa nimechoka na safari, na uongo ulikuwa mwepesi kuliko ukweli.

"Sijapona," nikamwambia. "Leo nimeamka, nimempikia mtoto uji, nimepanda basi nimekuja."

Akamvuta mumewe taratibu aegemee bega lake, akamfuta mate kwa ncha ya kanga.

"Hata hali hiyo nitaipokea," akasema.